Nani Ameandika Namba Hii? Kuhusu Rejista Maalumu za PLC

Kwa miaka mingi, kila nilipoitwa kwenye mashine iliyogoma, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuzima swichi kuu, kusubiri kidogo, kisha kuiwasha tena. Mara nyingi mashine iliamka, waendeshaji wakashukuru, nami nikafunga mkoba wangu wa vifaa nikiamini kwamba kazi imekwisha. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kwa kitendo kile nilikuwa ninamfukuza shahidi kabla hajahojiwa, kwa sababu ndani ya PLC, kompyuta ndogo ya kiwandani inayoiendesha mashine, kuna mahali ambapo kifaa chenyewe huandika habari zake, na baadhi ya habari hizo hufutika mara tu umeme unapokatwa.

Mahali hapo ndipo penye rejista maalumu za data, yaani visanduku vya kumbukumbu ambavyo kila kimoja hushika namba. Hapa nitazungumzia zaidi PLC za Mitsubishi za ukoo wa FX, hasa FX2N na mrithi wake FX3U, kwa kuwa ndizo nilizojifunzia kazi na ndizo ninazokutana nazo mara kwa mara ninapofungua makabati ya umeme ya mashine zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika kwingine. Katika FX2N, rejista za kawaida zinaanzia D0 hadi D7999. Kila moja ina biti 16, kwa hiyo hubeba namba nzima kuanzia −32,768 hadi 32,767, na anayehitaji namba kubwa zaidi huunganisha rejista mbili zinazopakana. Hizo ni mali ya mwandishi wa programu: akitaka ataweka uzito wa chupa, akitaka ataweka idadi ya magunia, na PLC haitamuuliza kitu. Ukivuka D7999 unaingia kwenye nyumba yenye mwenyewe. Kuanzia D8000 hadi D8255, na katika FX3U hadi D8511, kila namba ina maana iliyokwisha kupangwa na watengenezaji.

Vitabu vya maelekezo huzipanga rejista hizi katika majedwali marefu, na wengi wetu tulijaribu kuyakariri tukashindwa. Mimi nilianza kuzielewa siku nilipoacha kuuliza kila rejista inamaanisha nini, nikaanza kuuliza ni nani anayeiandika na huiandika wakati gani. Zipo ambazo PLC huandika na sisi tunasoma tu. Zipo ambazo PLC huziwekea thamani ya kuanzia umeme unapowaka, kisha hutuachia tuibadilishe. Zipo pia ambazo pande zote mbili huandika, na hizo ndizo zinazohitaji adabu zaidi, kama daftari la mkopo la dukani ambalo muuzaji na mteja wote wana kalamu.

Chukua D8007. Hii huhesabu mara ambazo umeme wa PLC umekatika kwa muda mfupi mno kiasi kwamba PLC haikuzimika. D8008 hushikilia kipimo cha muda huo, ambacho kwa PLC zinazotumia umeme wa AC huanzia milisekunde 10, na penye umeme wa volti 200 na kitu unaweza kukiongeza hadi milisekunde 100. Niliwahi kuitwa kwenye mashine ya kufunga pakiti ambayo kila mtu aliishuku sensa yake ya macho. Sensa ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Safari hiyo sikuzima kitu. Niliunganisha kebo, nikafungua D8007, nikakuta namba 43, makatiko yote yakiwa ya zamu moja. Skrubu ya waya unaoingia kwenye swichi ya kinga ndani ya kabati hilohilo ilikuwa imelegea, na kila mota kubwa ilipoanza kuzunguka waya ulitikisika. Kwa kuwa D8007 hurudi sifuri umeme unapozimwa, mafundi wote walionitangulia, ambao walianza kwa kuzima na kuwasha, walikuta sifuri au hawakutazama kabisa. Nisiwaseme vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao kwa muda mrefu.

Rejista ninazozifungua mara nyingi kuliko zote ni D8010, D8011 na D8012. PLC hufanya kazi kwa mizunguko: husoma viingizo, hupitia programu kuanzia hatua ya kwanza hadi amri ya END, hupeleka matokeo kwenye vitoleo, kisha huanza upya. D8010 huonyesha muda wa mzunguko uliopo, D8011 muda mfupi kuliko yote, na D8012 muda mrefu kuliko yote, kila moja kwa vipimo vya sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani namba 85 maana yake ni milisekunde 8.5. Anayeitazama mizunguko hiyo ni D8000, ambayo ina mamlaka kama ya mlinzi wa getini. Umeme unapowaka, mfumo huandika humo namba 200, kwa maana ya milisekunde 200, na mzunguko wowote ukizidi muda huo PLC husimama, taa ya hitilafu huwaka, na msimbo 6105 huandikwa kwenye D8061.

Kisa kilichonifundisha thamani ya rejista hizi kilitokea katika kiwanda kimoja cha kujaza mafuta ya kula jijini Dar es Salaam. Mashine ilikuwa inasimama ghafla, pengine mara moja kwa siku, pengine mara tatu, na 6105 ilikuwa inaonekana. Fundi kijana wa zamu alikuwa ameshapata dawa. Aliniambia kwa heshima zote, «Mzee, tuongeze tu D8000 iwe 1000, mashine itaacha kusumbua.» Alikuwa sahihi kwamba ingeacha kusumbua. Ukiandika MOV K1000 D8000, yaani weka namba 1000 ndani ya D8000, kisha ukafuatisha amri ya WDT ili thamani mpya ianze kufanya kazi palepale badala ya kungoja mwisho wa mzunguko, mlinzi anapewa subira ya sekunde nzima. Swali ni kwamba, wakati mlinzi anasubiri, ni nani anayefunga vali ya mafuta?

Tuliiacha mashine ifanye kazi huku tukitazama. D8010 ilichezacheza kati ya 80 na 90, hali ya kawaida kabisa. D8012, hata hivyo, ilisoma 1870. Maana yake ni kwamba mahali fulani tangu PLC ilipowashwa kuna mzunguko mmoja uliochukua milisekunde 187, karibu kabisa na mpaka, na kwa kuwa haukuuvuka mpaka hakuna aliyeambiwa. Katika mzunguko ule, PLC ilikuwa haioni kitu. Mizani ingeweza kutuma ishara kwamba chupa imejaa, na vali ingebaki wazi hadi programu ifike END. Nilipomweleza msimamizi jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa wiki kadhaa walikuwa wakilalamikia chupa mojamoja zinazozidi ujazo, na kwamba lawama zote walikuwa wamezitupia vali zenyewe.

Chanzo kilikuwa kitanzi cha FOR na NEXT, yaani amri zinazorudiwa mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja, kilichokuwa kikikokotoa wastani wa uzito wa chupa zilizopita. Kitanzi hicho kilifanya kazi mara moja tu kila chupa mia moja zilipotimia, ndiyo sababu D8010 haikuonyesha kitu. Idadi ya chupa za kukokotolewa ilisomwa kutoka rejista ambayo mwendeshaji aliweza kuibadilisha kwenye skrini, na mtu aliyetaka wastani ulio sahihi zaidi alikuwa ameipandisha hadi 850. Kila rudio la kitanzi lilichukua takriban sehemu ya tano ya milisekunde, kwa hiyo 850 ilipita kwa shida, na zamu ya usiku ilipoandika 1000 mlinzi alifanya kazi yake. Tuliondoa kitanzi, tukaweka jumla inayoongezwa kidogo kidogo kila chupa inapopita, na D8012 ikashuka hadi 112. D8000 ilibaki 200 kama ilivyozaliwa. Sipingi kuibadilisha D8000. Zipo programu ndefu zenye sababu halali ya kuhitaji muda zaidi. Ninachopinga ni kuibadilisha kabla ya kusoma D8012.

Jambo lingine kuhusu D8000 limewachosha wengi. Fundi huiandikia thamani mpya kwa mkono kupitia kompyuta, anaona imekubali, anaondoka, na kesho yake anaikuta 200 tena. Hakuna aliyemhujumu. Rejista hii huandikwa na mfumo kila umeme unapowaka, kwa hiyo mabadiliko yanayotakiwa kudumu lazima yawe ndani ya programu yenyewe, kwa kawaida yakianzishwa na M8002, relei maalumu, yaani swichi ya ndani ya PLC, ambayo huwaka kwa mzunguko wa kwanza tu. D8020 ina tabia hiyohiyo. Hii hupanga kichujio cha viingizo X0 hadi X17, huanza na milisekunde 10, na hukubali kuanzia 0 hadi 60. Kwa asiyejua, X0 hadi X17 ni viingizo 16, kwa sababu namba za viingizo katika FX huhesabiwa kwa msingi wa nane, na hakuna X8 wala X9. Nimeshuhudia mtu akiitafuta X8 kwenye kabati kwa nusu saa.

Saa ya PLC nayo ina kisa chake, na hapa Kiswahili chenyewe kinaingia kazini. D8013 ni sekunde, D8014 dakika, D8015 saa, D8016 tarehe, D8017 mwezi, D8018 mwaka na D8019 siku ya juma. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii, mwenye duka la mikate aliniomba nimpangie tanuri lake lijiwashe lenyewe ili waokaji wanapoingia walikute limeshapata moto. Akaniambia, «Fundi, liwake saa kumi.» Masikio yalisikia kumi, na vidole vikaandika K10 kwenye ulinganisho wa D8015. Waokaji waliingia alfajiri wakakuta tanuri baridi kama kaburi, na likawaka lenyewe saa nne asubuhi, wakati wateja walikuwa wameshakunywa chai kwa mihogo. D8015 huhesabu kuanzia usiku wa manane, 0 hadi 23, na saa kumi alfajiri kwake ni 4. Tangu siku ile, kila ninapotengeneza skrini kwa ajili ya waendeshaji, hujumlisha 6 kwenye D8015, hugawanya kwa 12, na kuchukua baki. Baki likiwa sifuri huonyesha 12. Saa 19 ya PLC inakuwa saa moja, na mwendeshaji hahitaji kukokotoa kitu kichwani.

D8019 ilinipa shida ndogo zaidi lakini ya aina hiyohiyo. PLC huhesabu Jumapili kuwa 0 na Jumamosi kuwa 6. Kwa Kiswahili majina yenyewe yanahesabu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliandika programu ya matengenezo ya kila Jumatatu akilinganisha D8019 na K3, kwa mantiki isiyo na kasoro kabisa, na grisi ikawa inapigwa kila Jumatano.

Kubwa kuliko hilo ni mpaka wa siku. D8019 hubadilika saa sita usiku, lakini zamu ya usiku huanza jioni na kuishia asubuhi, na katika maongezi yetu usiku huo wote ni usiku wa kuamkia siku inayofuata. Kiwanda kilichotaka hesabu ya uzalishaji kwa siku kilikuwa kinapata zamu moja imekatwa vipande viwili, kila kipande kwenye siku yake, na wasimamizi wawili wakigombania magunia. Programu niliyoandika haikuitazama D8019 moja kwa moja. Kila D8015 ilipofika saa ya kuanza zamu, ilinakili siku kwenye rejista ya kawaida iliyohifadhiwa na betri, na hesabu yote ikafuata nakala hiyo hadi zamu inayofuata.

Saa ndiyo mfano mzuri wa rejista yenye waandishi wawili. PLC huiandika kila sekunde, na sisi nasi tunahitaji kuirekebisha. Ukiandika dakika mpya moja kwa moja kwenye D8014 wakati saa inatembea, mfumo utakuja juu yako na kuandika yake. Ndiyo maana ipo M8015: ukiiwasha, saa husimama, unaandika thamani zako katika D8013 hadi D8019, ukiizima, saa huanza kutembea kutoka hapo ulipoiweka. Njia nyingine ni amri ya TWR, ambayo huandika zote kwa pamoja, na mwenzake TRD, ambaye huzisoma zote saba kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, tarehe, saa, dakika, sekunde na siku ya juma. Kwa marekebisho madogo M8017 inatosha: ikiwashwa, sekunde zilizo chini ya 30 hurudi sifuri, na zilizofika 30 au zaidi huisogeza dakika mbele. Kwa FX2N ambayo saa yake inaweza kupotea hadi sekunde 45 kwa mwezi hata katika joto la nyuzi 25, na makabati yetu yanazidi nyuzi 25 kabla ya saa tatu asubuhi, marekebisho hayo si anasa. Mwaka katika D8018 huonekana kwa tarakimu mbili. Ukitaka nne, unaandika K2000 kwenye D8018 kwa mzunguko mmoja tu, kwa kutumia M8002, na PLC huelewa kwamba umeomba kubadilishiwa maandishi na kwamba hukuwa unarudisha mwaka nyuma. Ni njia ya ajabu kidogo, ninakiri, kumwambia mtu jambo moja kwa kumwandikia jambo lingine.

Kuhusu betri nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona programu nzima ikipotea. FX2N huhifadhi programu katika kumbukumbu ya RAM inayotegemea betri, tofauti na FX1N ambayo hutumia EEPROM, kumbukumbu isiyohitaji betri. D8005 huonyesha nguvu ya betri kwa vipimo vya sehemu ya kumi ya volti, kwa hiyo betri mpya ya volti 3.6 husomeka 36. D8006 hushikilia kiwango cha hatari, ambacho katika FX2N ni 30. Nguvu ikishuka chini ya hapo, M8005 huwaka na taa ya betri usoni mwa PLC huwaka pia. Kila fundi anaijua taa hiyo. Wachache wanaijua M8030, ambayo kazi yake ni kuizuia taa isiwake.

Katika mashine moja ya kukata karatasi, taa ya betri ilikuwa haiwaki, na daftari la matengenezo lilikuwa limeandikwa «betri nzuri» kila mwezi, kwa mwandiko uleule. Nilipofungua D8005 nilikuta 27. Kwenye programu, mtu alikuwa ameiunganisha M8030 na M8000, ambayo huwaka muda wote PLC inapofanya kazi. Bila shaka siku moja taa iliwaka, betri haikupatikana, na bosi akachoka kuulizwa. Nilinakili programu kabla ya kugusa kitu chochote. Nilisema niliona programu ikipotea: hiyo ilikuwa mashine ya pili iliyosimama pembeni yake, ya mfano uleule na iliyofanyiwa ujanja uleule, ambayo ilikuwa imezimwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka na kuamka ikiwa tupu. Tuliirudishia uhai kwa nakala ya dada yake, na siku mbili zilikwenda katika kurekebisha vipimo.

Kwa wanaohamisha programu kutoka FX2N kwenda FX3U kuna mtego hapa. Betri ya FX3U ni ya volti 3, na kiwango chake cha hatari katika D8006 ni 27. Programu ya zamani iliyolinganisha D8005 na K30 itapiga kengele mapema mno kwenye PLC mpya yenye betri nzima, na baada ya wiki mbili za kengele za uongo mtu ataizima kabisa. Dawa ni kulinganisha D8005 na D8006 yenyewe, kwa sababu kila PLC inajua betri yake.

Kisha kuna makosa yasiyo na taa. Kosa la kimahesabu ndani ya programu, mfano anwani iliyovuka mpaka, huwasha M8067, huandika msimbo wake kwenye D8067, na PLC huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Amri yenye kosa haitekelezwi, basi. Niliwahi kuona hili kwenye mashine ya kuchanganya rangi za nyumba. Michanganyiko ilihifadhiwa kuanzia D7000, kila mmoja ukichukua rejista 50, na mwendeshaji alichagua kwa namba. Michanganyiko ilikuwa kumi na miwili tu. Siku moja mtu alikusudia kuandika 4, kidole kikagusa na 5, ikawa 45. Ukipiga hesabu, 7000 na 45 mara 50 inakupeleka D9250, rejista ambayo haipo. PLC iliandika 6706, ikaacha kunakili, na mchanganyiko wa awali ukabaki mahali pake. Mapipa kadhaa ya rangi ya bluu yalitoka na kibandiko cha rangi ya krimu kabla ya mtu kufungua kifuniko. Kilichotuelekeza ni D8068, ambayo hushikilia namba ya hatua ya programu ambako kosa lilitokea. M8067 hufutika PLC inaposimamishwa na kuendeshwa tena, lakini D8068 haifutiki kwa njia hiyo, kwa hiyo hata baada ya waendeshaji kujaribu bahati yao kwa swichi ya RUN na STOP, namba ya hatua ilikuwa bado inatusubiri.

D8120 nitaipitia haraka. Hupanga namna ya kuwasiliana kupitia mlango wa mfululizo: urefu wa data, pariti (biti ya kukagua makosa), biti ya kusimamia, kasi. Kwa kasi ya 9600, biti 7, pariti shufwa na biti moja ya kusimamia unaandika H86, H ikiwa alama ya namba za msingi wa kumi na sita. Kwa biti 8 bila pariti unaandika H81. Hii haifanyi kazi mpaka PLC izimwe na kuwashwa tena. Hapa, kwa mara moja, tabia yangu ya zamani ya kuzima na kuwasha ilikuwa halali.

Kuna namba katikati ya jedwali ambazo hazina maelezo yoyote, na wapo wanaozitumia kuhifadhi data zao kwa sababu zinaonekana hazina mtu. Nawasihi wasifanye hivyo. Kiwanja kisicho na nyumba huwa na mwenyewe, na kwenye toleo jipya la PLC mwenyewe anaweza kuja kujenga.

Watengenezaji wengine wana kitu hichohicho kwa majina tofauti. PLC za Delta za DVP zinafuata FX karibu kama kivuli: D1000 ni mlinzi wa milisekunde 200, D1010 hadi D1012 ni muda wa mizunguko, na fundi wa FX hujikuta nyumbani mara moja, mpaka anapoitafuta saa na kuikuta D1313 hadi D1319, ikiwa na siku ya juma kabla ya mwaka. Siemens S7-200 huweka muda wa mzunguko uliopita katika SMW22, mfupi kuliko yote katika SMW24 na mrefu kuliko yote katika SMW26, nazo hizi huhesabu kwa milisekunde kamili, kwa hiyo anayetoka FX akiona 12 asidhani ni milisekunde 1.2. Allen-Bradley SLC 500 hukusanya habari hizi zote katika faili la hali lenye herufi S, ambamo S:37 hadi S:42 ni mwaka, mwezi, tarehe, saa, dakika na sekunde.

Siku hizi, kwenye kila kabati ninalolihudumia, ninaning'iniza daftari la shule la kurasa 48 kwa uzi, na kila nikifika, kabla sijagusa swichi, ninaandika tarehe na namba za D8005, D8007, D8012, D8061, D8067 na D8068. Kazi yenyewe haizidi dakika tano. Kwenye mashine ya mafuta, mistari ya mwaka huu inaonyesha D8012 ikibaki kati ya 110 na 115, D8007 ikiwa sifuri isipokuwa mara mbili, na D8005 ikishuka taratibu kutoka 36, 35, 34. Wiki iliyopita ilisoma 32, na betri nimeshaiagiza.